Amerudi Nyumbani, Nyumbani Wapi?

Nimeambiwa niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya ukalimani hapa Sydney, niwaachie mawili matatu kabla sijayasahau. Na kusahau kumeshaanza, msicheke. Juzi mwanangu alinipigia simu, na badala ya kusema halo nikamtajia namba yangu ya mkalimani nikamwuliza kama yuko tayari tuanze. Akaniambia, "Mama, umestaafu."

Mambo ya maadili na kanuni sitayagusa sana. Hayo mmefundishwa darasani, mkafanyiwa na mtihani. Mimi nitawaambia yasiyofundishwa, kwa sababu waliotunga masomo yale hawajui Kiswahili, na Kiswahili kina vijineno vidogo vidogo vinavyoonekana havina neno hadi vikuangushe. Hasa nataka kuwaeleza habari ya neno moja, nyumbani, na jinsi lilivyokaribia kumtoa binti wa watu chuoni, na kumtoa kwa mama yake pia. Huyo mama mwenyewe ameniruhusu niisimulie. Majina nimebadilisha. Alilonisisitizia ni kwamba niandike hakuwa mjinga, na kweli hakuwa.

Lakini nianze mbali kidogo, mnivumilie.

Mimi nilianza enzi za treni. Mteja akiwa na miadi Parramatta, mkalimani unapanda treni kwetu Fairfield na viatu vyako vya heshima, unafika mapema, unakaa naye kwenye viti vile vya plastiki mkisubiri jina litangazwe. Ulikuwa unamwona mtu usoni. Akisema "sawa" huku anaangalia sakafu, unajua hiyo si sawa. Halafu ikaja simu. Nikawa nafanya kazi jikoni kwangu, hedifoni kichwani, kanga kiunoni, na hakuna aliyejua. Siku hizi wengine mnaonekana kwa video, kwa hiyo vaeni vizuri angalau kuanzia kiunoni kwenda juu.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mkalimani wa simu: usibandike maharage ukiwa zamu. Niliyabandika siku moja kwenye jiko la presha nikajua nitawahi kuyaepua. Filimbi ikalia katikati ya mazungumzo. Afisa akashtuka, akauliza kama kuna moto. Kabla sijafungua mdomo, mteja wangu, mzee mmoja Mkongo asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akasema, "Mwambie asiogope, hiyo ni maharage." Nikatafsiri. Kazi ni kazi.

Aliyenifundisha kazi hii hakuwa Mswahili. Alikuwa mama wa Kiashuri kutoka Iraki, mkalimani wa Kiarabu, Bi Nahrin, ambaye alikuwa hatembei bila chupa ya chai nyeusi na vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha yeyote atakayemkuta amenuna. Siku tuliyofahamiana, aliyenuna nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kwenye chumba cha miadi nimechanganyikiwa, kila sentensi nimeianza na "anasema", "anasema kwamba", mpaka afisa hajui tena nani kasema nini.

Bi Nahrin akanimiminia chai. "Wewe huna habari za kusimulia," akaniambia. "Akisema mimi, sema mimi."

Ikanichukua muda kuzoea. Mimi, mwanamke wa Tabora, mlokole, nikawa nasema kwa sauti yangu, "Nina wake wawili na mgongo unaniuma." Siku nyingine, "Sijanyoa ndevu kwa sababu ya upele." Utacheka sana mwanzoni. Baadaye utagundua kwamba neno hilo mimi lina uzito wake, maana huwezi kusema "mtoto wangu amekufa" kwa niaba ya mtu halafu ukaenda zako kula chakula cha mchana kama kawaida. Ninyi mkiona yamewazidi, semeni. Sisi tulikuwa tunajikaza tu, na kujikaza kwenyewe hakukutusaidia.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuuliza. Ukiona neno lina maana mbili na hujui mteja anataka ipi, simamisha mazungumzo, sema "mkalimani anaomba ufafanuzi," uliza. Nikamwambia hata kwetu tunasema kuuliza si ujinga. Akajibu kwamba watu wote duniani wana methali hiyo na watu wote wanaona haya kuuliza.

Sasa nyinyi mtakutana sana na habari ya vijana wanafunzi kurudi kukaa na wazazi. Kodi za vyumba zimepanda, wenzao waliokuwa wanachangia nao wameondoka, kijana anabeba godoro lake anarudi kwa mama. Kwetu sisi hiyo si habari. Mtoto karudi, ongeza unga kwenye ugali. Kwa serikali hii ni habari, na ina mafungu yake, na mimi nimeyatafsiri hadi naweza kuyasema usingizini. Posho ya mwanafunzi anayeishi mbali na wazazi ni kubwa zaidi. Akirudi chini ya paa la wazazi inashushwa, kwa kuwa wanaona paa hilo halimgharimu. Kipato cha wazazi nacho huangaliwa mpaka kijana afikishe umri fulani. Familia ikiwa kwenye nyumba ya serikali, kodi ya nyumba hupigwa kwa kuangalia vipato vya wote wanaolala humo, kwa hiyo mtu mzima akiingia lazima atajwe, na kodi huenda ikapanda. Posho ya wadogo zake kwa kawaida haiguswi. Ile ambayo mzazi alikuwa anapokea kwa ajili yake yeye ilikwisha zamani alipomaliza shule, na wazazi wengi hawajui hivyo, wanaogopa kunyang'anywa kitu ambacho hawana. Haya si ushauri. Mkalimani hashauri. Lakini mimi nimestaafu, na sheria zenyewe zinabadilika kila kukicha, kwa hiyo mwambieni mtu wenu aulize mapema, kabla hajaulizwa yeye.

Shida ni maneno. Chukua "tegemezi". Afisa anauliza, mwanao anakutegemea? Mzee mmoja wa Fairfield alijibu kwa mshangao, "Hapana. Mimi ndiye ninayemtegemea yeye. Ndiyo maana nilimzaa." Nikatafsiri vilevile. Afisa akacheka, halafu kwa busara yake akaanza upya kwa maneno madogo. Nani ananunua chakula? Mimi, akasema mzee. Nani analipa nauli yake ya treni? Mimi. Basi, anakutegemea. "Kwa sasa," mzee akakubali kwa shingo upande.

Sasa nifike kwa Mama Espe.

Mama Espe ni Mrundi anayeishi Minto, hapa hapa Sydney. Alikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka na miaka, akamzaa huko bintiye Esperance, ndipo wakaletwa hapa Espe akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kiswahili chake ni cha kambini, ngeli zinatembea zinavyotaka, lakini utamu wake usipime. Alikuwa akiwatunza wazee kwenye nyumba ya wazee mpaka mgongo ulipomkataa, akawa anaishi kwa posho, kwenye nyumba ya serikali, na mwanawe mdogo wa shule ya msingi. Espe yeye alikuwa Parramatta, amepanga na wenzake, anasomea ualimu. Alikuwa mwaka wa mwisho, amebakiza mazoezi ya kufundisha. Mazoezi yale hayana mshahara, na ukiwa nayo huwezi kufanya vibarua, kwa hiyo posho ya mwanafunzi ndiyo nauli na ndiyo chakula.

Wenzake wakahama. Espe akarudi Minto na mabegi yake na sufuria ya umeme ya wali.

Mama Espe, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akapiga simu mwenyewe ofisi ya posho kutoa taarifa. Akapewa mkalimani, kijana wa Nairobi, mpya kama nyinyi. Yaliyosemwa alinisimulia baadaye tulipokutana kanisani, na ameyasimulia huko mara nyingi hata watu wanayaigiza.

Afisa aliuliza kama kuna mabadiliko yoyote kwenye kaya yake.

"Iko moja," akasema Mama Espe. "Espe amerudi nyumbani."

Kijana akatafsiri kwamba Espe amerudi kwao. Afisa akauliza, kwao wapi?

"Mathe," kijana akamwambia mama kwa Kiswahili cha Nairobi, "anauliza home ni wapi?"

"Nyumbani!" Mama Espe akashangaa swali gani hilo. "Si kwetu!"

Afisa akauliza kwa Kiingereza kama huko kwao ni Burundi. Mama Espe akalisikia jina la nchi yake, akafurahi, na bila kumngoja mkalimani akajibu mwenyewe kwa Kiingereza, "Yes, yes, Burundi!" Alidhani anaulizwa asili yake. Afisa akashukuru, mama akashukuru, kijana akashukuru, wakaagana vizuri kabisa.

Msimcheke kijana. Hakukosea Kiswahili. Mtu wa Nairobi anaweza kuishi Nairobi maisha yake yote, akajenga, akazaa, akazeeka, na bado akikwambia Desemba anaenda nyumbani ujue anapanda basi kwenda kijijini kwa babu yake. Nyumbani kwake ni mahali unapotoka, na siku ikifika ndiko utakakozikwa. Kwa Mama Espe, aliyefukuzwa nyumbani na vita mara mbili, nyumbani ni pale mlango unapofungwa jioni na watoto wako ndani. Wote wawili walitumia neno lile lile na wote wawili walisema kweli.

Ikaandikwa kwamba Espe ameondoka Australia amerudi Burundi. Burundi, ambako hajawahi kukanyaga! Posho yake ikasimamishwa. Akaenda kununua tiketi ya treni ya kwenda mazoezini, kadi ikakataa. Akapiga simu, akasubiri na muziki ule wa kusubiri ambao nyote mnaujua, akawaambia yuko Sydney, yuko hai, yuko jikoni. Wakamwambia taarifa imetoka kwa mama yake, kwa hiyo mama athibitishe anaishi wapi, na kwa masharti gani.

Siku zilikuwa zinakwenda. Espe akaanza kusema ataahirisha masomo. Kuna maghala huko Minto yanatafuta watu wa kufungasha mizigo, atafanya huko mwaka mmoja tu, halafu atarudi chuoni. Alisema kwa Kiingereza, maana Espe Kiswahili anakisikia chote lakini tangu aanze shule alikuwa anamjibu mama yake kwa Kiingereza.

Mama Espe aliniambia kwamba maneno hayo "mwaka mmoja tu" ndiyo yaliyomkata maini. "Dada, kambini pia tulipofika walituambia mwaka moja tu."

Sasa ongeza jirani. Kila nyumba ina jirani mwenye ushauri, na wa Mama Espe alikuwa mwanakwaya mwenzake, mtu mwema, roho safi, elimu ya mambo ya serikali kaipata kwenye sherehe za ubatizo. Akamwambia, ukisema Espe anaishi hapa watamshushia posho na wewe watakupandishia kodi ya nyumba. Sema ni mgeni. Kapita kusalimia, atarudi Parramatta.

Nimeshatafsiri mwisho wa ushauri wa namna hiyo mara nyingi. Mtu anasema mgeni, posho kubwa inaendelea, miezi inapita, halafu kompyuta ya ofisi moja inasemezana na kompyuta ya ofisi nyingine, na mtu anadaiwa vyote alivyolipwa. Nimewahi kusema kwa sauti yangu, kwa mimi ya Bi Nahrin, "Sina cha kulipa, nilidhani namsaidia mwanangu." Sikuipenda sentensi hiyo hata siku moja.

Siku ya simu ya pili, mkalimani nilikuwa mimi. Sikumjua Mama Espe wakati huo. Nilisikia sauti ya mama, sauti ya afisa, mwanamke mpole aliyechoka kidogo, na mwangwi wa chumba, nikajua simu imewekwa kwa sauti kubwa na chumbani kuna watu zaidi ya mmoja.

Afisa akaanza kwa kusoma: kumbukumbu zinaonyesha Esperance alirudi Burundi. Nikatafsiri.

"Nani amerudi Burundi?" mama akaruka. "Espe? Huyu hapa anakula mkate!"

"Lakini wewe ulisema amerudi nyumbani."

"Ndiyo. Amerudi nyumbani."

Hapo wanangu mkae macho. Nikasema kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, ili kila mmoja asikie, kwamba mkalimani anaomba ufafanuzi. Nikamwambia afisa kwamba neno nyumbani kwa Kiswahili ni nyumba unayolala, na pia ni nchi au kijiji unakotoka, na mkalimani hawezi kujua ni lipi bila kuuliza. Nikamwuliza mama, nyumbani unakosema ni nyumba ipi?

"Hii. Ya Minto. Nyingine ninayo wapi?"

Afisa akavuta pumzi, nikaisikia. Akaomba radhi, na radhi ile nikaitafsiri kwa furaha zaidi ya inavyoruhusiwa. Akasema atarekebisha, lakini kuna maswali.

Je, Esperance anamlipa mama yake kwa kulala na kula? Waingereza wana neno moja fupi la jambo hilo, sisi hatuna. Nikasema, "Je, anakulipa pesa ya kulala na kula?"

"Dada, unaniuliza kama nimefungua gesti?"

Nikatafsiri, gesti na yote. Afisa akasema ataandika hapana.

Je, yupo kwa muda, au moja kwa moja?

"Moja kwa moja nani anajua? Ni mutoto wa kike, ataolewa."

Afisa akauliza tena kwa upole. Alihitaji kuandika jambo moja kati ya mawili: Esperance anaishi hapo, au amekuja kutembea tu. Nikatafsiri.

 Kabla mama hajajibu nikasikia sauti ya mwanamke mwingine pembeni, inanong'ona kama watu wanavyonong'onezana kanisani, yaani hadi kiti cha nyuma wanasikia: "Mgeni. Sema mgeni."

Kanuni inasema unatafsiri kila unachokisikia. Nami nilikuwa nimekisikia. Nikisema, nimemwumbua huyu mama kwa neno ambalo hakulisema yeye. Nikinyamaza, nimeficha. Na nilijua neno lile litampeleka wapi, nikiwa nimefungwa mdomo kama mtu anayemwona mwenzake anaelekea kwenye shimo naye haruhusiwi kupiga kelele. Nilishika ukingo wa meza ya jikoni, namwomba Mungu ampe huyu mama akili haraka.

"Nyamaza," akasema Mama Espe.

Hilo alilisema yeye, kwa hiyo nikalitafsiri. Afisa akasema, "Samahani?" Ikabidi nieleze kwamba mteja anaongea na mtu aliye naye chumbani, na kwamba mtu huyo alikuwa akimpa jibu. Afisa akasema anaelewa, hata yeye ana jirani.

"Andika hivi," mama akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imetulia. "Mutoto hawi mugeni kwao. Anakaa kwangu."

Nikasema, kwa Kiingereza na kwa sauti yangu, kwamba mtoto hawezi kuwa mgeni kwao, anaishi kwangu. Kule upande wa pili vidole vikagonga kompyuta.

Ndipo afisa akaeleza matokeo yake, polepole, na ilikuwa haki yake kueleza. Posho ya Esperance itarudishwa, na ile iliyosimamishwa atalipwa. Ila kuanzia alipohamia itahesabiwa kwa kiwango cha mwanafunzi anayeishi na wazazi, ambacho ni kidogo. Na mama awaarifu watu wa nyumba ya serikali kwamba mtu mzima ameongezeka, nao wataitazama upya kodi.

Sasa kuna jambo la kazi yetu ambalo darasani hawalisemi. Nyumba nyingi za watu wetu zina mtu mmoja anayesikia Kiingereza kabla hujatafsiri. Mara nyingi ni mtoto. Wewe bado unavuta pumzi uanze, yeye habari imeshamfika. Kabla sijafika nusu ya maelezo yale nikasikia kiti kinasogezwa, na sauti ya msichana, kwa Kiingereza.

"Mum, I'll just go. Tell her I'm going."

Akaendelea haraka haraka. Kwamba mabegi hajafungua hata moja, yapo pale mlangoni. Kwamba ana rafiki Parramatta atamlaza sebuleni. Kwamba mama asipandishiwe kodi kwa ajili yake, ataacha chuo, ataanza ghalani wiki ijayo, atakuwa anatuma pesa. Nilikuwa natafsiri kwa mama maneno ya binti yake mwenyewe, wakiwa chumba kimoja, nami nikiwa Fairfield nimesimama karibu na sinki. Nilisema kwa Kiswahili, "Mama, nitaondoka tu. Mimi ni mzigo." Neno lake la Kiingereza lilikuwa hilo hilo. Sikuliongeza.

"Mzigo," mama akarudia.

 Halafu akazungumza, na hakuwa anazungumza na afisa, lakini hakuna aliyemkatiza, nami nikawa natafsiri kila neno kwa mwanamke aliyekaa ofisini asiyetujua.

"Nilikubeba kutoka Kigoma mpaka ndege, na mabegi mbili, na mgongo ulikuwa mzima. Mzigo ilikuwa mabegi. Pesa itapungua, sahani itaongezeka, iko nini? Nimekula na pesa ndogo kuliko hiyo. Lakini kula na kiti yako bure mbele yangu, hiyo mwaka uliyokuwa Parramatta, Espe, hiyo ndiyo ilinishinda. Maliza shule yako. Hapa."

Afisa hakugonga chochote. Baadaye, kwa sauti ya chini, akaniomba niwaambie kwamba hakuna haraka, ila anahitaji kuandika jambo moja, na sasa kwa kuwa Esperance ni mtu mzima ni bora aseme mwenyewe: anaishi hapo au anaondoka?

Nikatafsiri kwa ajili ya mama. Kwa ajili ya binti hakukuwa na haja, alikuwa ameshasikia, na nikakaa tayari kupumzika, maana angejibu kwa Kiingereza na Kiingereza si kazi yangu.

"Ninakaa," akasema Espe, kwa Kiswahili. "Ninakaa kwa mama."

Nikafungua mdomo nitafsiri, sauti ikagoma. Nilikuwa nimesema maneno ya wagonjwa, ya wafungwa, ya wajane, sauti ikawa inatoka tu. Siku ile ikagoma kwa maneno mepesi kama yale. Afisa akangoja. "Mkalimani? Bado upo?"

"Nipo," nikasema. Kisha nikasema kwa Kiingereza kwamba ninaishi hapa, kwa mama yangu.

Vidole vikagonga kompyuta. Kule Minto kulikuwa na mtu analia, nadhani alikuwa jirani. Na Mama Espe, ambaye hajawahi kupoteza muda, akamwambia binti yake, "Basi toa hayo mabegi mlangoni, watu watajikwaa."

Nikalitafsiri na hilo. Afisa akasema hilo halina mahali pa kuandikwa, lakini ameshukuru kulisikia.